Bi Zuhura Hakuitikia

Tulipomzika Mama Rogate kule Mutuka mwezi uliopita, mzee mmoja wa ukoo wao alisimama kichwani pa kaburi akaanza kutoa baraka. Baraka zetu sisi Wagorwa si za kusikiliza tu. Mzee anatamka kipande, ananyamaza, na waliopo wanaitikia kwa pamoja, sauti fupi ya kooni ya kukubali, ndipo anaendelea na kipande kinachofuata. Asipoitikiwa hana njia ya kuendelea. Siku ile aliitikiwa vizuri, maana watu walijaa mpaka kwenye shamba la mbaazi, wengi wao wametoka mjini na magari ya ofisi. Mimi sikuitikia. Nilisimama nimefumba mdomo, na mdogo wake marehemu aliyekuwa karibu yangu akaniona. Tulipokuwa tunanawa mikono kwenda kula aliniuliza kwa upole kama nina tatizo. Nikamwambia koo linaniuma. Akaenda mwenyewe kuniletea maji ya moto yenye tangawizi, nikayanywa yote, kwa sababu msibani si mahali pa kugombana na mtu. Kabla ya hapo, msoma wasifu alikuwa amesema kwamba marehemu alikuwa mtetezi wa wazee wa Babati, mama aliyewapa wazee sauti, na hapo nilicheka. Nilijizuia nikashindwa. Jirani yangu alidhani nalia, akanipa ncha ya kitenge chake nifutie macho.

Mwaka unaonichekesha na kunikera mpaka leo ni ule ambao mkoa wetu ulikuwa mpya. Tulikatwa kutoka Arusha, tukaambiwa Babati sasa ni makao makuu, na mji haukuwa na nyumba za kutosha kuwa makao makuu ya kitu chochote. Kila chumba chenye mlango kiligeuzwa ofisi. Ghala la mahindi lilikuwa ofisi, chumba cha nyuma cha baa kilikuwa ofisi, na ulipopita asubuhi ulikuta bwana mwenye tai anafuta vumbi la pumba kwenye meza yake. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye hasira za bure na miguu mizuri, nikifanya kazi kambi ya wazee pale Bagara. Kambi ilikuwa safu ndefu ya vyumba vya matofali vilivyojengwa zamani kwa ajili ya mafundi wa barabara. Mafundi walipoondoka, wazee wasio na mtu wa kuwatunza wakawekwa humo. Nilipika, nilifua, nilifagia, na mwenyewe nililala stoo, katikati ya magunia ya mahindi na mapipa ya maji. Chakula kilikuwa ugali na mlenda, kesho yake makande, na siku wavuvi wa ziwani walipotukumbuka, kambale. Ukumbi wa kulia ulikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani kutoka jikoni, na kupitia dirisha hilo nilijifunza mambo mengi kuliko niliyofundishwa darasani.

Chumba cha mwisho, kile kinachotazama mlima Kwaraa, kilikuwa cha Bi Zuhura. Baba yake alikuja kutoka Tanga kufanya biashara, yeye akazaliwa Kondoa, akaolewa na mwenye duka wa hapa Babati ambaye tayari alikuwa na mtoto wa kiume kwa mke wa kwanza. Mume alipokufa, yule mtoto wa kambo alimwachia chumba cha uani. Halafu siku moja alikuja na fundi, wakaung'oa mlango wa chumba chake wakaugeuza rafu ya dukani. Bi Zuhura alilala miezi bila mlango, vijana wa dukani wakipita na magunia wakimtazama alivyolala, mpaka watu wa msikitini wakaona aibu wakamleta kwetu. Kwa hiyo kitu alichokipenda kuliko vyote pale kambini kilikuwa komeo. Lilikuwa komeo la chuma la kawaida, lenye kutu, na alilipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa. Ukimpelekea chai ulilazimika kubisha hodi, kusubiri, kusikia komeo likivutwa taratibu, ndipo ufunguliwe. Shikamoo yako aliipokea mlango ukiwa bado umefungwa. Hakuwa mtu mwema, sitamsingizia. Aliusema uji wangu, alizisema nywele zangu, aliwaita wenzake mifugo. Nilimpenda kwa sababu ambazo sizijui, labda kwa kuwa pale kambini ni yeye tu aliyekuwa na hasira kunizidi.

Kwa kuwa mji ulikuwa wa mkoa sasa, ulitakiwa uwe na kamati ya ushauri wa huduma za wazee. Mwenyekiti wake akawa Mama Rogate, mzaliwa wa Mutuka, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, aliyejua kumshika mkono mzee na kumwita baba mpaka mzee akasahau alichotaka kuomba. Pamoja naye alikuwepo afisa ustawi wa jamii, kijana aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali, na wajumbe wengine wa maofisini ambao hawakujua neno moja la Kigorwa. Walikutana kwenye ukumbi wetu wa kulia, maana hapakuwa na pengine. Mimi nilichemsha chai na mihogo, nikasikiliza. Miezi mingi walizungumzia mikongojo. Inunuliwe ya mti au ya chuma, ya kujikunja au ya kunyooka, ikabidhiwe mbele ya nani. Ilipokuja hatimaye, yote ilikuwa ya urefu mmoja. Wa Bi Zuhura ulimfika kwapani. Nilichukua msumeno nikaukata, na afisa ustawi akanionya mbele ya watu kwamba nimeharibu mali ya serikali. Akauchukua, ukakaa stoo kwangu, mfupi wa kumfaa yeye tu, naye akaendelea kushika ukuta.

Kamati ilihitaji pia mzee mmoja ndani yake, wakamchagua Mzee Tluway. Walimchagua kwa sababu alikuwa mrefu, ana mvi safi, na alijua kutoa baraka. Kila jioni kabla ya ugali alisimama akatubariki, na wote waliitikia, hata Bi Zuhura aliyejifunza kwa kuishi nasi. Wakamletea kiti chenye mikono kutoka ofisini na koti la kijivu. Kazi yake kwenye kamati ilikuwa kufungua kikao kwa baraka na kukaa kimya. Wajumbe wa kutoka mbali waliona ni burudani, wakawa wanatabasamu kama watu wanaotazama ngoma. Yeye akavimba kichwa. Alitaka maziwa yake yaje kwanza, alitaka wenzake wasimame akipita, alianza kula peke yake kwenye kile kiti, sahani juu ya magoti. Siku moja alimwamuru Bi Zuhura ampishe mlangoni kwa kuwa yeye ni kamati. Bi Zuhura alimtazama kuanzia viatu mpaka mvi.

"Kiti ndicho cha serikali, Mzee Tluway," alimwambia. "Makalio bado ni yale yale."

Walicheka wote, wale mifugo wake, vicheko vya watu wasio na meno. Jioni, kabla ya kubariki chakula, Mzee Tluway alitangaza mbele ya wote kwamba amemtoa Bi Zuhura kwenye baraka zake. Hilo kwetu linafanyika. Mzee akikutoa, unakaa kimya wenzako wakiitikia, na baraka haikufikii wala haikufungi. Hili la kufunga ndilo zito. Anayeitikia amekubali kilichotamkwa, na hawezi kuinuka baadaye akasema hakukitaka. Wazee wetu waliamini kabisa kwamba maneno yale yangewageukia watoto wake. Bi Zuhura hakujali. Alisema bismillahi yake kimoyomoyo akaanza kula wa kwanza wakati wengine bado wanaitikia, na kila jioni alihakikisha Mzee Tluway anamwona akitafuna.

Mambo yalibadilika siku niliyosikia wanaitaka kambi. Wajumbe wengine walikuwa wameondoka, Mama Rogate na afisa ustawi wamebaki wakimalizia mihogo, nami nilikuwa nasugua sufuria chini ya lile dirisha. Afisa alisema jengo linatakiwa kwa ofisi, lakini agizo kutoka juu linasema lazima wakazi wote wakubali mbele ya kamati. Akikataa hata mmoja, jengo haliguswi. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, kijana yule, sauti yake ilionyesha. Mama Rogate alicheka kidogo akamwambia amwachie yeye. Watakubali, alisema, tena wataitikia. Sikuelewa alichomaanisha na najua afisa naye hakuelewa. Nilikwenda kuwaambia wazee. Mzee Tluway alinijibu kwamba yeye ni kamati, jambo kama hilo angeshaambiwa. Wengine walimwamini yeye. Ni Bi Zuhura peke yake aliyenisikiliza mpaka mwisho, nyuma ya mlango uliofungwa komeo, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Hata mmoja, wamesema?"

"Ndivyo walivyosema, Bi Zuhura."

"Basi Vero, mwanangu, huyo mmoja ndiye mimi. Wakubali wote mpaka na panya. Humu sitoki."

Tangu hapo alitembea na ukuta wake akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzee. Alikuwa amepata mlango, na sasa alikuwa amepata na nguvu ya kuulinda.

Kikao chenyewe kilikuja na nyama. Mama Rogate alituma mbuzi mzima, mchele, na maandazi, akaagiza wazee wote waingie ukumbini, wale ambao kwa mwaka mzima walikuwa wanajadiliwa huku wamefungiwa nje. Niliwavalisha nguo safi. Bi Zuhura aliposikia harufu jikoni alikuja akaniuliza nyama ya nini leo, nani amekufa. Nilimwambia ni kikao. Akaingia, akakaa karibu na mlango. Walikula mpaka mafuta yakawatiririka kwenye mikono, na mimi niliyezoea kuwapikia mlenda nilifurahi kuwaona, nakiri. Walipokwisha kunawa, Mama Rogate alisimama akamwendea Mzee Tluway, akamshika mkono, akamwomba kwa Kigorwa awaombee wazee wenzake warudi kulala kwenye nyumba za watoto wao, wakiwa na wajukuu miguuni na moto uliowashwa na mikono ya damu yao. Hakuna mtu pale ambaye hakuwa analiombea hilo kila siku. Mzee Tluway aliinuka na koti lake akatoa baraka nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia. Aliita majina ya vijiji vyao. Alitaja vizingiti, alitaja ndama, alitaja sauti ya mtoto mdogo akimwita babu yake. Na wao waliitikia, sauti zikipanda kila kipande, baadhi wakilia. Mama Rogate alikuwa ameinamisha kichwa, kimya. Kwa desturi anayeiomba baraka haitikii, anaitikiwa. Bi Zuhura naye alikuwa kimya, anachokoa meno.

Mzee alipokaa, Mama Rogate aligeukia wajumbe akasema kwa Kiswahili kwamba wamesikia wenyewe. Wazee wameomba kurudi nyumbani na wamekubaliana kwa kauli moja. Kambi itafungwa mwisho wa mwezi, na kamati itatoa gari la kumfikisha kila mmoja kwa ndugu zake. Wajumbe walipiga makofi. Ilichukua muda maneno kutafsiriwa kutoka sikio hadi sikio, na niliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine kadiri yalivyopita. Hakuna aliyenyanyua mkono. Wangekanushaje? Walikuwa wameitikia. Afisa ustawi alimtazama Mama Rogate kwa mshangao wa mwanafunzi. Nimekutana na watu wengi wabaya tangu wakati ule, ila wengi wao walikuwa wabaya kwa uzembe. Yule mama aliichukua heshima ya wazee wa kwao, ambayo wageni hawakuijua kabisa, akaitumia kuwatoa nje.

Bi Zuhura alisimama kwa kushika fremu ya mlango. "Mimi sikuitikia," alisema. "Kila mtu hapa anajua nimetolewa kwenye baraka za huyu. Nakataa. Andikeni."

Afisa aliacha kufunga mkoba wake. Mama Rogate alitabasamu, akasema Bi Zuhura ni mgeni wa desturi zetu. Bi Zuhura alijibu kwamba ndiyo sababu bado ana mdomo. Kisha akamgeukia Mzee Tluway, na hapo ukumbi wote ulimgeukia. Yule mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti chake kwa nguvu. Alikuwa ameelewa kwamba amefukuzwa kwa baraka yake mwenyewe. Mwanawe wa kule Bonga alikuwa amemlaza zizini kabla ya kuletwa kwetu. Tulijua, alikuja na kupe. Neno moja lilimtosha. Angesema tu kwamba ni kweli, huyu nilimtoa, hayumo. Wangebaki wote.

"Mzee, sema," Bi Zuhura alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kabisa, sijawahi kuisikia tena. "Ulinitoa au hukunitoa?"

Mzee Tluway alifungua mdomo. Naamini mpaka leo alikuwa anataka kusema kweli. Lakini Bi Zuhura alikuwa Bi Zuhura, hakuweza kusubiri.

"Sema, baba. Hicho kiti nacho siku moja kifanye kazi."

Wajumbe wakacheka. Afisa akacheka, Mama Rogate akacheka, na hata wale wazee waliokuwa wanapoteza vitanda vyao wakacheka, wakakumbuka ile ya makalio wakacheka zaidi. Mzee Tluway alisubiri waishe. Kisha alisema polepole, kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe.

"Nilimtoa. Leo asubuhi nikamsamehe. Aliyesamehewa amerudi ndani, na wenzake wameitikia kwa niaba yake."

Mama Rogate alipiga makofi wa kwanza, akasema hayo ndiyo mambo ya wazee, kusameheana, na wajumbe wote wakapiga makofi. Ilikuwa uongo mtupu. Asubuhi ile mimi ndiye niliyemwosha na kumvalisha yule mzee, na alikuwa bado anamwita Bi Zuhura nyoka. Nilisema hivyo kupitia dirisha la sahani, kwa sauti. Afisa aliniambia nilete chai. Bi Zuhura aliachia fremu ya mlango, akaenda chumbani kwake, na tulisikia komeo.

Gari liliwachukua mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Bi Zuhura, kwa sababu kamati ilipata shida kumtafutia ndugu, mpaka mtu akamkumbuka yule mtoto wa kambo mwenye duka. Afisa alipokuja kumchukua alimkuta ameng'oa komeo mlangoni kwa kisu cha mboga, amelifunga kwenye pembe ya kanga. Akamweleza kwa adabu, akimwita bibi, kwamba ile ni mali ya serikali. Bi Zuhura alifungua kanga akampa. Nilipanda naye gari. Mtoto wa kambo alitutazama kutoka nyuma ya kaunta, hakusema karibu, hakusema toka, akaendelea kumpimia mteja sukari. Nyuma yake bidhaa zilikuwa zimepangwa kwenye ile rafu, na bado ungeweza kuona matundu ya bawaba. Bi Zuhura alikaa kwenye gunia la chumvi akaitazama. Aliniambia niende, gari litaniacha. Nilikwenda. Stoo yangu nayo ilikuwa inageuzwa ofisi, sikuwa na pa kumweka.

Mimi walinibakiza kwa ajili ya chai. Kambi ikapakwa rangi, ukumbi wa kulia ukawekewa meza ndefu, na kamati ya huduma za wazee ikaendelea kukutana humo, mahali pasipoishi tena mzee hata mmoja. Mzee Tluway walimfuata Bonga kwa gari siku za vikao. Kwao walimwosha siku hizo tu. Chini ya lile koti alinuka ndama, na mvi zake zilikuwa zimekatwa ovyo kwa mkasi wa manyoya. Siku ninayoikumbuka alinikuta koridoni na birika. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza ni nani anakaa chumbani kwake siku hizi. Nikamwambia mafaili. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za jamaa, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Ajenda ya kwanza siku ile ilikuwa rambirambi. Bi Zuhura alikuwa amefariki dukani, kwenye kile chumba cha uani kisicho na mlango. Kulikuwa na baridi, na waliomkuta walisema alikuwa amesukuma magunia mpaka pale mlango ulipokuwa, akayapanga, akalala nyuma yake. Nilikuwa nimekwenda kumtazama mara chache. Kila mara alizisema nywele zangu. Mama Rogate alieleza habari hiyo kwa sauti yake nzuri, kisha akamshika mkono Mzee Tluway akamwomba ambariki marehemu, yeye aliyemsamehe. Mzee aliinuka kwa shida. Alitamka kipande cha kwanza, kwamba ardhi impokee bila mawe, akanyamaza kusubiri.

Waliokuwa mezani walitabasamu. Mama Rogate alikuwa ameinamisha kichwa, kwa kuwa aliyeiomba haitikii. Mzee alikitamka tena kile kipande, akasubiri tena. Aliangalia huku na huku kwenye ule ukumbi, pale walipokuwa wakikaa wenzake, mpaka macho yake yakafika kwenye dirisha la sahani. Alijua mimi ni Mgorwa. Alijua nimeitikia baraka zake za jioni mwaka mzima. Midomo yake ilinionyesha ile sauti fupi, kama unavyomfundisha mtoto. "Vero," Mama Rogate aliniita taratibu, bila kuinua kichwa.

Bi Zuhura alikuwa ameshasomewa dua na watu wake wa msikitini. Hakuhitaji kusamehewa mara ya pili. Nilipanga vikombe kwenye sinia, nikamimina chai, nikamtazama yule mzee akiwa amesimama na mkono wake hewani, hawezi kuendelea wala kukaa, mpaka mmoja wa wajumbe akauliza kama tunaweza kwenda ajenda ya pili. Siku ile koo langu lilikuwa zima kabisa.